Jinsi ya kuchagua rangi rafiki kwa mazingira ya kupaka makabati ya jikoni

Makabati ya jikoni yakianza kuchakaa wengi wanawaza kuyang'oa na kuweka mengine, sasa kabla hujafika huko yaangalie vizuri kwanza. Kama mbao bado ngumu, haijavimba kwa maji, na bawaba zinashika skrubu bila kulegea, basi kuyapaka upya tayari ni uamuzi mzuri wa kimazingira kuliko karibu kila kitu nitakachokuambia huku chini. Kabati jipya ni mbao mpya, gundi mpya, usafiri, halafu lile la zamani linaishia jalalani. Na hizi mbao za kubandikwa kama MDF na chipubodi mara nyingi zina gundi yenye fomaldehaidi, ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, linaihesabu kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na ubao hutoa nyingi zaidi ukiwa mpya kisha inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kabati lako la zamani lina faida ambayo la dukani halina.

Haya tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapa ndo watu wanapotezwa sana. Mtu anaingia dukani anaona kopo lina jani la kijani, limeandikwa eco, anabeba. Kwa makabati ya jikoni rangi inatakiwa ifanye kazi mbili kwa pamoja: isikuchafulie hewa ndani ya nyumba, na ikae miaka bila kubanduka. Ile isiyo na kemikali kabisa lakini inamenyuka baada ya miezi michache itakufanya ununue nyingine, upige msasa tena, vumbi tena, makopo tena, kwa hiyo mazingira hujayasaidia chochote. Shika hilo kichwani wakati wote unapochagua.

Kwanza jua unapaka juu ya nini

Usinunue chochote kabla hujajua hili. Fungua mlango mmoja, angalia ukingo wake au lile tundu la bawaba kwa ndani. Ukiona nyuzi za mti zinakwenda upande mmoja ni mbao halisi, ukiona tabaka tabaka ni plaiwudi, ukiona unga uliogandamizwa rangi ya kahawia na laini ni MDF, na ukiona vipande vipande vya mbao vimebandikwa na juu pana ngozi ngumu ya kuteleza, hiyo ni chipubodi yenye melamini au fomaika. Kila moja ina shida yake. Mbao halisi inaweza kutoa maji ya kahawia yanayopenya kwenye rangi nyeupe, MDF inakunywa rangi kwenye kingo kama haina akili, melamini haishiki kitu mpaka uilazimishe. Na kama juu pana ngozi ya plastiki iliyovutwa kwa moto ambayo imeshaanza kunyanyuka kwenye kona, usipake juu yake hata kidogo, ibandue yote kwanza au ubadilishe huo mlango peke yake.

Halafu jua rangi iliyopo ni ya maji au ya mafuta. Chukua pamba, lowesha na spiriti, sugua sehemu ya ndani isiyoonekana kama nusu dakika hivi. Pamba ikichafuka na rangi ikawa inalainika, hiyo ni ya maji. Ikikaa pale pale haijali, ni ya mafuta, na rangi mpya ya maji haitaishika vizuri bila msasa na praima, yaani ile rangi ya chini inayopakwa kwanza ili ya juu ishike.

Sasa hapa naomba usiruke. Kama makabati ni ya zamani sana na hujui historia yake, pima risasi, yaani ile metali yenye sumu (lead), kabla hujagusa msasa. Zamani rangi nyingi za mbao ziliwekwa risasi, hasa zile kali kali kama njano, nyekundu, chungwa na kijani. Marekani ilipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilichelewa sana na zipo ambazo hadi leo hazina sheria, ndo maana UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Vumbi la risasi linaharibu ubongo wa mtoto na halirekebishiki. Vipo vifaa vidogo vya kupimia vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, au unapeleka kipande maabara. Ukikuta ipo, usikwangue wala usipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto, tafuta mtu mwenye ujuzi wa hiyo kazi.

Geuza kopo usome nyuma

Mbele ya kopo ni matangazo. Nyuma ndo kuna habari. Unachotafuta ni namba ya VOC, yaani zile kemikali zinazopaa hewani rangi inapokauka na kuendelea kutoka kidogo kidogo hata baadaye, ndo zinazoumiza kichwa, zinawasha macho, zinamsumbua mwenye pumu, na zikitoka nje zinachangia ule ukungu mchafu wa mijini. Inaandikwa gramu kwa lita, g/l. Makopo yanayouzwa Umoja wa Ulaya utakuta sentensi mbili ndogo: ya kwanza inataja kikomo cha kisheria cha aina hiyo ya rangi, ya pili inasema hili kopo lenyewe lina kiasi gani. Kwa rangi ya maji ya mbao na chuma kikomo chao tangu 2010 ni 130 g/l, kwa ya mafuta ni 300. Ona tofauti hiyo. Na hiyo 130 ni kikomo tu, rangi nzuri za maji zinakuwa chini ya 50 na zinazojiita sifuri kwa kawaida huwa chini ya 5. Usiseme tu "ni ya maji inatosha", soma namba.

Mambo matatu yanafichika hapa. La kwanza, kutokuwa na harufu hakumaanishi haina VOC, kuna rangi zinawekewa kitu cha kuzima harufu tu. La pili, namba ya kwenye kopo mara nyingi ni ya rangi kabla haijachanganywa, ukienda kwenye mashine wakaongezea wino wa kuipa rangi unayotaka, wino wa aina ya zamani unaongeza VOC, na kadiri rangi inavyokuwa nzito (bluu ya usiku, kijani kibichi cha kukolea, nyekundu) ndo wino unavyokuwa mwingi. Muulize muuzaji moja kwa moja: huu wino wenu una VOC? Kama hajui, mwambie akuonyeshe karatasi ya usalama ya bidhaa, kila kiwanda kinachojielewa kinayo na mara nyingi ipo kwenye tovuti yao. La tatu, VOC sio kila kitu. Rangi za maji zinawekewa dawa ya kuzuia isioze ndani ya kopo, nyingi ni za kundi la isothiazolinoni, utaziona kwa vifupisho kama MIT na BIT, na kuna watu ngozi yao inazikataa kabisa. Kama nyumbani kuna mtu mwenye aleji hiyo, tafuta iliyoandikwa kwamba haina. Kwa sababu hiyo hiyo mimi siwezi kukushauri ununue zile zinazojitangaza kuua bakteria, unalipia kemikali ya ziada ambayo kabati linalofutwa kwa sabuni halihitaji.

Kuhusu nembo, zile zinazopimwa na mtu wa nje ya kiwanda zina maana kuliko jani la kijani alilochora mtengenezaji mwenyewe. Ua la EU Ecolabel, Blauer Engel ya Ujerumani ambayo ipo tangu 1978, Green Seal na GREENGUARD Gold kutoka Marekani, hizo ukiziona kwenye kopo unaweza kuingia kwenye tovuti ya nembo yenyewe ukaitafuta bidhaa kwa jina. Rangi isiyo na nembo sio lazima iwe mbaya, nembo ni gharama na viwanda vidogo wengine hawaimudu, ndo maana nakusisitizia namba.

Aina zenyewe, na ipi ya jikoni

Rangi ya maji ya ukutani weka pembeni, hata kama imebaki nusu ndoo na ni nzuri. Haikutengenezwa kwa kushikwa na mikono yenye mafuta kila siku, na ina tabia ya kubaki na unato, mlango unafungwa asubuhi, jioni ukifungua unasikia "chwaa" na rangi inabaki kwenye fremu.

Unachotaka ni rangi ya maji ya mbao na samani, kopo litasema ni kwa milango, makabati au fremu. Hapo utakutana na mbili. Kuna akriliki iliyoongezwa yurethani, inakauka haraka, haigeuki njano, inakuwa ngumu na inavumilia kufutwa futwa. Na kuna alkidi ya maji, ambayo ukiipaka inajilaza yenyewe alama za brashi zinapotea, inakauka ngumu kama ile ya mafuta ya zamani lakini brashi unaosha kwa maji, ubaya wake inachukua muda zaidi kukomaa na nyeupe yake inaweza kugeuka manjano kidogo sehemu zenye giza. Kama unataka nyeupe nenda na ya kwanza, kama unataka rangi nzito na uso laini kabisa nenda na ya pili. Zote zinapatikana zenye VOC ya chini na kwa jikoni linalopikiwa kila siku ndo ningeishia hapo.

Zipo za asili pia na wapenzi wa mazingira wanazipenda, mimi nazipenda pia, ila zina mahali pake. Rangi ya maziwa ni unga wa protini ya maziwa na chokaa na udongo wa rangi, unachanganya na maji siku hiyo hiyo unayopaka maana haikai. Haina harufu mbaya na inavutia sana kwenye mbao mbichi, lakini tone la mafuta linaingia ndani moja kwa moja, kwa hiyo lazima uifunike na vanishi ya maji. Rangi ya chaki na nta juu yake hapana, sio karibu na jiko, nta inalainika na joto na inashika kila uchafu. Rangi ya mafuta ya kitani ile halisi isiyo na thina ni imara na inazeeka vizuri, ila kila koti, yaani tabaka moja la rangi, linaweza kutaka siku kadhaa kukauka, na jambo la hatari: vitambaa vyenye hayo mafuta vikikunjwa na kurundikwa vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto. Vitandaze nje vikauke vimenyooka au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Hili sio la kupuuzia hata mara moja.

Na ile ya makopo mawili ya kuchanganya, yenye kigumuishi cha isosaineti, waachie wenye karakana na vifaa vya kupumulia. Inang'aa na ni ngumu kweli, lakini isosaineti inasababisha pumu na jikoni kwako sio pa kuipulizia.

Mng'ao chagua satini au semi-glosi, yaani wa wastani. Mati, ile isiyong'aa, inashika alama za vidole na ukisugua inang'aa madoa madoa, glosi kamili inaonyesha kila kibonyeo.

Praima usiibanie

Watu wanachagua rangi kwa makini halafu wanachukua praima yoyote, wakati kinachoshika kwenye mbao ni praima. Kwa melamini, fomaika na rangi ya zamani ya mafuta tafuta praima ya maji ya kushikia, kopo lenyewe litaje hizo sehemu. Kwa mbao inayovuja kahawia tafuta ya maji ya kuzuia madoa. Ikishindikana, yaani bado doa linapenya baada ya makoti mawili, hapo praima ya shelaki inamaliza mchezo. Shelaki yenyewe ni utomvu wa asili unaotokana na wadudu, lakini imeyeyushwa kwenye spiriti kwa hiyo VOC yake ni nyingi na mvuke wake unawaka. Gusa kwenye fundo na madoa tu, madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa. Kingo za MDF zipe praima mara mbili, inaziba vinyweleo na inapunguza mvuke wa gundi uliobaki usitoke kwenda hewani.

Kadiria usinunue zaidi

Rangi inayobaki ni taka, tena taka mbaya, kwa hiyo piga hesabu. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una mita za mraba 0.28 upande mmoja, pande mbili 0.56. Milango 10 ni 5.6. Ongeza nyuso za droo na fremu, tuseme 3, jumla 8.6, mara makoti mawili ni kama 17. Lita moja ya rangi ya aina hii inafunika kama mita 10 hadi 12 za mraba kwa koti moja, kopo litakuambia. Kwa hiyo lita 2 zinatosha na kidogo kinabaki, huna haja ya galoni. Kama unatoka rangi nyeusi kwenda nyeupe mwambie muuzaji atie praima tone la rangi unayoendea au nunua praima ya kutosha makoti mawili, ni rahisi kuliko koti la nne la rangi.

Jaribu kwanza mlango mmoja

Kabla hujanunua zote nunua kopo dogo kabisa, fanya mlango mmoja wa pembeni kwa ndani, hatua zote kama utakavyofanya kazi yenyewe. Subiri wiki moja. Kisha kwaruza kwa ukucha. Ikitoka utepe laini kama ngozi, bado haijashika, kuna tatizo la usafi au praima. Bandika tepu ya karatasi, ikandamize, ivute haraka, ikija na rangi ni jibu hilo hilo. Dondosha mafuta ya kupikia, yaache usiku mzima, asubuhi futa na sabuni uone kama yameacha doa. Mlango mmoja ukikukatalia ni hasara ndogo sana kuliko jiko zima.

Kazi yenyewe

Toa milango na droo, kila mlango upe namba kwenye tundu la bawaba kisha funika hiyo namba kwa tepu, skrubu zake weka kwenye mfuko wenye namba ile ile. Osha. Hapa ndo uimara wote unapoamuliwa, mafuta ya jikoni yanakaa juu ya jiko na kuzunguka mishikio kama gundi usiyoiona. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanatosha sehemu nyingi, penye mafuta magumu tumia magadi ya kuoshea kwenye maji ukiwa na glavu, halafu suuza kwa maji safi mara mbili maana mabaki ya sabuni nayo yanazuia rangi kushika. Sio lazima utumie zile dawa za fosfati, zikifika mtoni au ziwani zinalisha mwani mpaka samaki wanakosa hewa.

Ikikauka piga msasa namba 150 kisha 220, nia ni kuondoa mng'ao tu, sio kufika kwenye mbao. Vaa maski ya kuzuia vumbi, aina ya FFP2 au N95. Kwa rangi ya zamani uliyohakikisha haina risasi unaweza kupiga msasa wa maji, vumbi halipai. Futa na kitambaa chenye unyevu.

Praima koti jembamba, msasa 320 kugusa tu, futa, rangi koti la kwanza, subiri muda ulioandikwa, gusa tena na msasa, koti la pili. Brashi iwe ya nyuzi za plastiki kwa sababu zile za manyoya zinavimba kwenye rangi ya maji, na rola ndogo ya sponji kwa sehemu tambarare. Makoti mawili membamba yanashinda moja nene siku zote. Madirisha yawe wazi hata kama kopo linasema sifuri, na mwenye mimba au mtoto mchanga asilale karibu na hapo siku za mwanzo.

Halafu subira. Kukauka kwa kugusa ni saa moja au mbili, lakini kukomaa ni wiki 2 mpaka 4, na kukiwa na baridi au unyevu inazidi. Ukirudisha milango mapema weka vile vidude vidogo vya mpira kwenye kona ili isigusane na fremu, na kwa mwezi huo wa kwanza futa kwa kitambaa laini chenye maji tu.

Brashi kabla ya kuosha ifutie kwenye gazeti mpaka isiache rangi, kisha ioshe kwenye kopo la maji kidogo badala ya bomba linalotiririka. Yale maji yaache yatuame, ya juu yakitakata mwaga kwenye sinki inayoenda kwenye mfumo wa majitaka, kamwe sio kwenye mtaro wa mvua, tope la chini likaushe. Rangi iliyobaki kidogo kabisa kausha kwenye kopo wazi nje, au changanya na mchanga, ndo uitupe ikiwa kavu, na kama unapoishi kuna kituo cha kupokea taka za namna hiyo ipeleke huko. Ila usimalize yote: jaza chupa moja ndogo ya kioo mpaka juu pasiwe na hewa, andika jina la rangi, namba ya mchanganyiko na mwaka, iweke mahali pasipo na jua, mlango ukichubuka unagusa hapo hapo na brashi ndogo bila kupaka kabati zima.